Nyumba Njema Si Mlango: Maskini wa Mjini Ajengewe Mtaa, Si Vyumba Vitupu

Mwezi uliopita mama yangu mkubwa aliniita kwake Majengo, hapa Mombasa, akanipa karatasi mbili nimsomee, kwa kuwa macho yake siku hizi hayaoni vyema maandishi madogo. Ya kwanza ilikuwa barua ya mwenye ardhi. Ilimwarifu kwa adabu kwamba kiwanja ambacho nyumba yake imesimama kimeuzwa, na kwamba apewa muda wa miezi mitatu aondoe alichokijenga. Ya pili ilikuwa karatasi ya rangi nzuri aliyoletewa na mjukuu wake, yenye picha za maghorofa meupe na miti ya kijani, ikieleza jinsi mwananchi wa kipato kidogo awezavyo kujiandikisha apate nyumba ya bei nafuu.

Nilipomaliza kusoma alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza maswali mawili. La kwanza: "Mwanangu, nyumba niliyoijenga kwa jasho langu, nitaiondoa niiweke wapi?" La pili aliliuliza akiitazama ile picha: "Na huku juu, mahamri yapikwa wapi?"

Sikuwa na jibu, nami nikaona haya. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiyapima maswali yale, na nimeona kwamba yamebeba shida yote ya makazi ya watu wa hali ya chini katika miji yetu. Swali la kwanza ni la ardhi. Swali la pili ni la maisha. Mjenzi yeyote, awe serikali au tajiri, akijenga kuta elfu bila kuyajibu maswali hayo, atakuwa amejenga vyumba; mtaa hajaujenga. Na wahenga walikwisha kutuonya: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

NYUMBA ISIYO NA ARDHI

Mgeni atokaye bara hushangaa akiambiwa kwamba Mombasa mtu aweza kuwa na nyumba asiwe na ardhi. Kwetu ni jambo la kila siku. Mzizi wake ni mrefu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa pwani wa maili kumi. Aliyejua sheria, akawa na uwezo wa kwenda kudai mbele ya ofisa, alipata hati. Asiyejua, au aliyeliona shamba la babu yake kuwa halihitaji karatasi, alijikuta ardhi ile imehesabiwa kuwa ya serikali au imekwisha kuandikwa kwa jina la mwingine.

Mji ulipokua, wenye hati walikata viwanja wakavikodisha. Mtu akijenga nyumba yake mwenyewe, akawa anamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja mwezi baada ya mwezi. Sehemu kubwa ya Majengo ilikua kwa njia hiyo, na hali kama hiyo iko pia Kisauni na Likoni. Mpango huu ulikuwa na wema wake, kwani mpika samaki, kuli wa bandarini au mshona kofia aliweza kujenga bila kununua ardhi asiyoimudu. Lakini ubaya wake ni kwamba msingi wa nyumba yake ulikaa juu ya hiari ya mtu mwingine.

Mama mkubwa hakudhulumiwa kwa mujibu wa sheria. Sheria za ardhi zilizorekebishwa mwaka 2016 zataka anayeondolewa katika ardhi ya mtu binafsi apewe notisi isiyopungua miezi mitatu, naye kapewa. Mwenye ardhi ana haki ya kuuza mali yake. Hapo ndipo penye uchungu: hakuna aliyevunja sheria, na bado mwanamke aliyekaa pale zaidi ya miaka arobaini ataondoka na mabati na milango tu.

NYUMBA ILIYOKUWA KIWANDA

Tuitazame basi nyumba yenyewe kabla haijavunjwa, maana ndani yake mna elimu ambayo wachoraji wa ramani wengi hawajaisoma.

Mbele iko baraza. Hapo wazee hupumzika baada ya Alasiri, mpita njia huulizwa hali, na mtoto anayepotea njia hurudishwa. Ukiingia mlangoni wapita katika ukumbi mrefu, vyumba vikiwa kulia na kushoto, vitatu vitatu. Mwisho wa ukumbi ni uani: jiko, choo, kamba za nguo, mapipa ya maji, na mti wa mkwaju wenye kivuli. Upepo huingia kwa mlango wa mbele ukatoka uani, na kwa hivyo nyumba hupoa bila ya mashine yoyote.

Chumba kimoja mama mkubwa hulala mwenyewe. Vingine amepangisha: fundi cherehani, kijana wa matatu, mama mmoja na wanawe wawili. Kodi yao ndiyo pensheni yake, kwani mtu aliyefanya kazi ya nyumbani maisha yake yote hana pensheni nyingine. Na uani ndiko kwenye kiwanda chake. Alfajiri hukanda unga, akakaanga mahamri na kupika mbaazi, na kabla jua halijapanda wanunuzi wamekwisha kupita barazani. Mama mpangaji humsaidia akapunguziwa kodi. Watoto wake huchungwa na macho ya watu sita wakati yeye yuko sokoni.

Nyumba hiyo moja, msomaji, ni makao, ni duka, ni kiwanda, ni malezi na ni bima ya uzeeni. Wala wenye nyumba kama hizo si wanaume peke yao. Si wachache Majengo walio wanawake, wajane na walioachwa, waliojistiri kwa kodi za vyumba bila kumwomba mtu. Nayo yamstiri mwanamke kwa namna nyingine: hufanya kazi zake uani bila kutazamwa na barabara nzima.

Na siku ya msiba je? Mtu akifa katika nyumba ya Kiswahili, mahali pa kumwosha maiti papo. Wazee wetu walichimba ufuo ndani ya nyumba ili maji yashuke kwa heshima. Wanaume huketi barazani, wanawake ndani, na jeneza hutoka kwa mlango mpana hadi msikitini. Nimewahi kuhudhuria maziko ya jirani aliyekuwa akiishi ghorofa ya tano katika jengo moja la kupangisha. Ngazi zilikuwa nyembamba, na tulimteremsha marehemu tukimwinamisha huku na huku kama kabati. Mwanawe alilia, na nadhani hakulia kwa kifo peke yake.

TUSIJIDANGANYE

Nikisema hivyo, sisemi kwamba mitaa yetu ya zamani ni pepo. Vyumba vingi vina watu kupita kiasi. Choo cha shimo kikiwa karibu na kisima, maji huchafuka, na maradhi ya tumbo hufuata. Maji ya mfereji yatoka mbali, kutoka chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na mifereji ikikauka maskini ndiye anunuaye kwa mtungi kwa bei inayomzidi tajiri. Boriti na fito za mikoko zilizojengea nyumba za babu zetu haziwezi tena kukatwa ovyo. Tangu mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje, na mikoko yenyewe yahitajiwa baharini kwa mazalio ya samaki.

Wala kisiwa hakinyumbuki. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliikuta kaunti ya Mombasa na watu 1,208,333. Hatuwezi kumpa kila mmoja nyumba ya chini yenye uani wake. Lazima tupande juu. Lakini kupanda juu si jambo geni kwetu! Tembea Mji wa Kale wa Mombasa, au nenda Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Utaona ghorofa za mawe na chokaa zilizoshikana bega kwa bega, vichochoro vyembamba vikitiwa kivuli na kuta, nafasi ya wazi katikati ya nyumba ikileta mwanga na upepo, na mahali pengine wikio likivuka juu ya njia ili wa nyumba hii wafike nyumba ile bila kushuka. Watu wengi waliishi katika eneo dogo, na heshima yao haikupotea.

Kwa hivyo ubishi wangu si juu ya ghorofa. Wasiwasi wangu ni kwamba anayechora ghorofa za leo ahesabu vitanda, asihesabu kazi, ibada, malezi na msiba.

SOMO LA MISRI

Wala si sisi wa kwanza kukutana na shida hii. Katika mwaka 1945 serikali ya Misri ilimpa mjenzi Hassan Fathy, mzaliwa wa Alexandria, kazi ya kujenga kijiji kipya ng'ambo ya Luxor, magharibi ya mto Nile. Wakazi wa Gourna ya zamani, wapatao 7,000, walikuwa wakikaa juu ya makaburi ya kale, na wengine wakipata riziki kwa kuyachimbua. Serikali ilitaka wahame.

Fathy alikuwa mtu wa huruma na akili. Aliona kwamba saruji na chuma ni ghali kwa mkulima, akarudia tofali la udongo. Mbao zilikuwa adimu, basi akawaleta mafundi wa Kinubi waliojua kujenga paa la tao bila kutegemeza kwa mbao. Akatia uani katika nyumba, akajenga msikiti, soko, shule na mahali pa mikutano. Kitabu chake juu ya kazi hiyo, kilichotolewa Chicago mwaka 1973, kimesomwa na wajenzi wa dunia nzima, na mwaka 1980 alipewa tuzo maalumu ya Aga Khan ya ujenzi. Alifariki mwaka 1989.

Na pamoja na hayo yote, watu wa Gourna wengi walikataa kuhamia. Kazi ilisimama baada ya miaka michache, kijiji kikiwa nusu. Kwa nini? Nyumba zilikuwa nzuri na rahisi, lakini riziki ya watu ilibaki kule walikotakiwa kuondoka. Wengine waliona quba zile zafanana na makaburi. Na zaidi ya yote, uamuzi wa kuhama haukuwa wao.

Mimi siwashauri watu wa pwani wajenge kwa udongo mkavu wa Misri. Mvua zetu za masika zingetufunza adabu mwaka wa kwanza. Ninalolichukua kutoka Gourna ni hili: hata mjenzi mwenye mapenzi ya kweli kwa maskini, aliyejenga kwa desturi za watu wenyewe, alishindwa pale ambapo riziki na hiari ya watu hazikutangulia. Je, atashinda yule asiyejua hata mahamri hupikwa wapi?

FEDHA NA RIBA

Turudi kwetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Mwezi Machi 2024 ilipitishwa sheria ya nyumba za bei nafuu, ikiweka tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri naye alipe kiasi hicho hicho. Sheria hiyo yawatambua wenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi kuwa ni watu wa fungu lao peke yao. Hilo ni jambo jema, na maghorofa yamepanda mahali pengi. Pale Buxton, nyumba za zamani zilivunjwa na mpya zikainuka.

Lakini swali lililobaki ni namna ya kulipa. Mkopo wa nyumba wa benki umekuwa kitu cha wachache: mwaka 2023 mikopo hiyo ilikuwa kama 30,000 tu katika nchi nzima. Mwuza mahamri hana hati ya mshahara ya kumwonyesha mtu. Na kwa Mwislamu pana ukuta mwingine, nao ni riba. Wengi wetu tutalala katika chumba kinachovuja kabla hatujatia sahihi karatasi ya riba, na hakuna mpango wa nyumba utakaoitwa wa haki hapa pwani ikiwa mlango wake wafunguka kwa riba peke yake.

Njia ya halali ipo, tena si ya kubuni leo. Benki za kufuata sharia zilifunguliwa Kenya mwaka 2008. Ziko taratibu za ubia, ambapo mnunuzi na mwenye fedha huimiliki nyumba pamoja, mnunuzi akalipa kodi ya sehemu isiyo yake huku akiinunua kidogo kidogo hadi iwe yake yote. Mwaka 2023 soko la hisa la Nairobi liliorodhesha sukuk ya Linzi ya shilingi bilioni 3 kwa ajili ya ujenzi wa nyumba. Basi kinachotakiwa ni taratibu hizi zishuke chini zimfikie mwenye kipato cha kila siku, zisiishie kwa wenye mishahara minono.

ARDHI ISIYOUZWA

Hata hivyo, fedha bila ardhi ni kuchota maji kwa pakacha. Tumeona njia moja ya kumaliza tatizo la ardhi, nayo ni kugawa hati. Mwaka 2016 wakazi wa shamba la Waitiki, Likoni, walianza kupewa hati zao, na furaha yao ilikuwa kubwa, tena ya haki. Lakini hati ya mtu mmoja mmoja katika mji wenye njaa ya viwanja ina hatari yake. Mtoto akiugua, au karo ikikosekana, dalali huja na fedha taslimu. Maskini huuza, hula zile fedha, na baada ya miaka michache yuko tena mahali pasipo pake.

Njia nyingine ilijaribiwa si mbali nasi, katika mji wa Voi. Pale pana mtaa uitwao Tanzania-Bondeni, uliokuwa wa vibanda visivyo na haki ya ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mradi wa serikali uliosaidiwa na Wajerumani, wakazi walielezwa namna mbalimbali za kumiliki, wakachagua wenyewe ardhi iwe ya jamii yao yote, chini ya wadhamini. Kila mmoja nyumba yake ni yake: aweza kuiuza na kuirithisha. Lakini ardhi haiuzwi, na anayehama huuza alichojenga tu, jamii ikipewa nafasi ya kwanza kununua. Haikuwa kazi nyepesi, maana sheria za Kenya hazikuwa na umbo la namna hiyo, ikabidi kuunganisha chama na udhamini. Lakini fikira yenyewe ilikuwa sawa: mtenganishe maskini na jaribu la dalali, bila kumnyima nyumba yake.

Niliposoma habari za Voi nilicheka peke yangu. Ardhi isiyouzwa, isiyopewa mtu zawadi, isiyorithiwa, inayowekwa kwa manufaa ya watu daima, je, hiyo si wakf? Babu na bibi zetu waliweka wakf minazi, maduka, visima na nyumba. Kamisheni ya Wakf ipo hapa hapa Mombasa. Sisi tulio na jina la kitu hiki na fikihi yake kwa karne nyingi, tumekwenda kukitazama kama ugeni! Najua, na si siri, kwamba wakf nyingi zimepotea kwa uzembe na kwa mikono mirefu. Lakini mtungi ukivunjika, dawa si kuacha kunywa maji.

NINALOPENDEKEZA

Matajiri wetu kila mwaka hujenga misikiti, Mwenyezi Mungu awalipe. Nawaomba baadhi yao wanunue viwanja vya Majengo na Kisauni vinapouzwa, waviweke wakf pamoja na watu waliomo, wakazi wenyewe wakiwa miongoni mwa wasimamizi, na hesabu zikisomwa hadharani kila mwaka. Kodi ya kiwanja iendelee kulipwa, lakini iende katika mifereji, choo safi na taa za mtaa huo huo.

Serikali ya kaunti nayo, inapojenga upya, ijenge ghorofa tatu au nne zilizozunguka uani wa pamoja. Chini pawe na vyumba vya kazi na jiko la kupikia vya kuuza, paa liteke maji ya mvua, na pawe na chumba kimoja chenye maji na mlango mpana kwa ajili ya maiti, arusi na mikutano. Wazee na wenye riziki ya uani wapewe vyumba vya chini. Na mwenye nyumba aliyeishi kwa kupangisha apewe chumba cha pili cha kupangisha, kwani ukimpa kimoja umempa paa ukamnyang'anya pensheni. Hayo si anasa. Shuleni, hospitalini na barabarani tutalipa gharama kubwa zaidi ya mtaa ambao watu wake hawafahamiani na hawana kazi.

Kuhusu mama mkubwa, tumekwenda mara mbili kuzungumza na aliyenunua kile kiwanja. Ametusikiliza kwa upole, akatuambia atafikiri. Majirani tisa walio katika kiwanja hicho hicho wamefanya kikao barazani, na sasa wanachangishana waone kama wataweza kukinunua pamoja. Fedha hazijatosha, hata nusu hazijafika. Katika ile miezi mitatu umebaki mmoja na siku chache.

Yeye mwenyewe jana nilimkuta uani, akikanda unga. Nilimwambia naandika habari zake gazetini. Akasema, "Andika. Na wakisoma, waambie kikao kingine ni Ijumaa, baada ya Alasiri."